Shule za Marafiki Uingereza: bweni au kutwa, na ipi kwa mtoto yupi

Mdogo wangu anafanya kazi Muscat na ana watoto wawili: msichana wa miaka 15 anayemaliza kitabu kabla hujajua alikianza lini, na mvulana wa miaka 11 ambaye herufi humchezea machoni mpaka anaufunga ukurasa kwa hasira. Mwaka jana alinipigia simu. "Dada, wewe uko huko Yorkshire. Kati ya hizo shule za Marafiki, tuwapeleke ipi?" Alimaanisha Marafiki wa kanisani kwetu, dhehebu la Kikristo ambalo kwa Kiingereza huitwa pia Quakers, na alitaka jina moja. Nilimrudia baada ya miezi minne nikiwa na daftari lililojaa na majibu mawili, maana watoto wenyewe ni wawili.

Nimeyapanga hapa kwa ajili ya wazazi wengine walio kwenye njia panda ile ile. Wengi wetu tuliotoka Vihiga, Kakamega na Bungoma, magharibi mwa Kenya, tukisikia kuna shule ya bweni ya Marafiki ng'ambo, moyo unatulia haraka. Tunaona ni jina lile lile lililo kwenye kibao cha kanisa la nyumbani. Na tuna sababu, kwa kuwa Kenya ina Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Lakini ukimpeleka mtoto huku ukitegemea akute ibada kama ya Kaimosi, misheni ya Marafiki huko kwetu, utashtuka siku ya kwanza.

Jina moja, ibada mbili

Akina Arthur Chilson, Edgar Hole na Willis Hotchkiss, waliofungua misheni ya Kaimosi mwaka 1902, walitoka Marekani, kwenye tawi la Marafiki ambalo tayari lilikuwa na wachungaji, mahubiri na nyimbo. Ndiyo maana sisi tumelelewa na kwaya, na akina mama wenye sare zao, na ibada ambayo ukiingia asubuhi unatoka jua limeshapinda. Marafiki wa Uingereza walibaki na njia ya karne ya 17. Watu wanaketi kimya. Hakuna mimbari wala mchungaji. Anayesukumwa na neno anasimama, analisema, anakaa.

Nilihudhuria ibada ya namna hiyo katika shule mojawapo. Viti vilipangwa vikitazamana, watoto zaidi ya mia wakaingia wakiwa bado na makelele ya uwanjani, kisha kelele zikazama kama maji kwenye mchanga. Nilisikia bomba la joto likigonga ukutani, na kiatu cha mtu kikikwaruza sakafu. Baada ya dakika kama saba hivi mvulana mmoja, sijui kama alikuwa na miaka 13, akasimama akasema bibi yake amelazwa na anaomba watu wamkumbuke. Akaketi. Hakuna aliyeitikia Amina, hakuna aliyeanzisha wimbo. Mimi ndiye niliyekuwa na hamu ya kuanzisha. Mwishoni watu wazima wawili wakapeana mikono, na mikono ikapita safu hadi safu mpaka ukumbi mzima, na hiyo ndiyo ilikuwa ishara kwamba ibada imekwisha.

Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo jambo moja ambalo shule hizi zote zinashiriki na ambalo hutalipata kwenye shule nyingine za bei hiyo. Kuna mtoto ambaye kimya hicho kitamfungua. Kuna mwingine atakayekiona kama adhabu ya kila wiki kwa miaka saba. Usikisie, iombe shule imruhusu mtoto aketi humo mara moja kabla hujasaini chochote.

Mzazi Mwislamu, wa Mombasa au wa Muscat kwenyewe, anaweza kupumua kidogo hapa. Katika shule hizi watoto wa Marafiki ni wachache, na walimu Marafiki ni wachache pia. Katika kimya kile hakuna anayelazimishwa kutamka imani ya mwenzake. Hata hivyo kimya hakipiki chakula. Uliza waziwazi kama kuna nyama ya halali jikoni, kama kijana ataruhusiwa kwenda sala ya Ijumaa, na nani atamwamshia daku bwenini Ramadhani ikifika. Shule moja ilinijibu maswali hayo matatu bila kutafuta karatasi. Nyingine ilisema "tutaliangalia likitokea", nami niliiandikia alama ya msalaba.

Jambo la pili ni majina. Marafiki wa mwanzo walikataa kumvulia mtu kofia na kumpa mtu cheo cha kumtukuza, wakisema mbele ya Mungu wote ni sawa. Baadhi ya shule zao bado zinafuata hivyo mpaka darasani, ambako mtoto anamwita mwalimu kwa jina lake la kwanza, mwalimu ambaye pengine ana umri wa babu yake. Nilipomsimulia mama yangu kwa simu alinyamaza muda mrefu, halafu akauliza kama watoto wa huko pia huwapiga walimu. Nilielewa wasiwasi wake, na niliubeba mwenyewe mpaka nilipokaa nyuma ya darasa la kemia. Msichana alimkatiza mwalimu, kwa adabu, akamwambia mlinganyo alioandika ubaoni hauko sawa. Mwalimu akaurudia na kumshukuru. Tulikosoma sisi, mtoto angeliona kosa lile na kunyamaza. Kwa hiyo sasa sina tatizo na majina, ila nimemwambia mdogo wangu: wafundishe watoto kwamba hiyo ni desturi ya pale shuleni, na wakishuka Kisumu uwanja wa ndege, shangazi bado ni shangazi.

Bweni si lile bweni

Mimi nililala bweni Kenya nikiwa na miaka 14. Sanduku la bati lenye kufuli mbili, godoro, ndoo, dabo deka chini ya dirisha lisilofungika, na wazazi tukiwaona siku ya kutembelea tu. Ukiniambia "bweni", picha inayonijia ni hiyo. Uingereza neno hilo limegawanyika. Kuna bweni kamili, ambapo mtoto anakaa hata mwisho wa wiki. Kuna bweni la wiki, Jumatatu mpaka Ijumaa. Kuna kulala siku chache tu, mzazi akiwa na zamu au safari. Halafu kuna kutwa. Na katika shule za Marafiki za Uingereza, wanafunzi wa kutwa ndio wengi.

Mgawanyo huo ndio unaoamua mtoto wako ataishi vipi, kuliko historia, kuliko majengo, kuliko matokeo ya mtihani. Nilijifunza hilo Jumamosi moja saa tisa mchana. Shule ilikuwa nzuri, yenye bustani na picha za karne mbili ukutani. Tulipopita chumba cha mapumziko cha bweni, kulikuwa na mvulana mmoja. Alikuwa amekunja upande mmoja wa meza ya tenisi ukasimama kama ukuta, akicheza na huo ukuta. Wenzake wa kutwa walikuwa makwao, wa wiki wameondoka Ijumaa, na wale wachache waliobaki walikuwa vyumbani na simu zao. Mama aliyekuwa akitutembeza alisema wikendi huwa "tulivu". Sitaitaja shule hiyo, maana idadi hubadilika mwaka hadi mwaka na pengine leo ukumbi ule umejaa.

Wiki tatu baadaye, Jumamosi tena, saa tisa ile ile, shule nyingine. Jiko dogo la bweni lilinukia kitunguu. Wasichana watano walikuwa wakibishana juu ya kikaango kimoja, mtoto mdogo wa mlezi wa bweni akipita katikati ya miguu yao na baiskeli ya magurudumu matatu, na basi dogo lilikuwa nje likisubiri waendao mjini. Majengo yalikuwa ya kawaida kabisa. Hapo ndipo nilipoelewa swali la kuuliza. Usiulize "Mna wanafunzi wangapi wa bweni?" Uliza: "Jumamosi iliyopita walilala wangapi, na wa umri wa mwanangu walikuwa wangapi?" Mlezi wa bweni anayeijua kazi yake atakutajia idadi papo hapo.

Shule zenyewe

Ackworth iko kijijini, karibu na Pontefract, na ndiyo iliyo karibu nami. Majengo yake ya mawe yalijengwa kwanza kuwa makao ya watoto waliotupwa, tawi la hospitali ya watoto hao ya London. Makao yalipofungwa, daktari Rafiki aitwaye John Fothergill alihangaika mpaka yakanunuliwa, na shule ikafunguliwa mwaka 1779 kwa watoto wa Marafiki wasio na uwezo mkubwa, wavulana na wasichana tangu mwanzo, ingawa kila upande na bawa lake. Miaka ile ya mwanzo watoto walikaa humo muda mrefu bila kwenda nyumbani likizo. Nikikaa kwenye ule uwanja wa mbele huwa nawafikiria. Siku hizi ni shule ya kutwa kwa watoto wengi wa vijiji vya jirani na miji kama Wakefield, na bweni lililochanganyika na watoto kutoka ng'ambo. Ina madarasa tangu utotoni, kwa hiyo mtoto anaweza kuingia mdogo na kutoka na miaka 18 bila kubadilisha mahali. Kwa familia inayoishi Yorkshire ya kusini au magharibi na inayotaka kutwa, sioni sababu ya kutoanza na hii. Kwa kijana wa miaka 16 anayetaka mji mlangoni mwake, kijiji kitambana.

Bootham iko York, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka kanisa kuu la mji, na hilo linabadilisha kila kitu. Mwanafunzi mkubwa anatoka langoni akiwa tayari yumo mjini, maktaba, makumbusho, stesheni ya treni. Ilianza mwaka 1823 kwa wavulana, ikapokea wasichana tangu 1983. Humo alisoma Joseph Rowntree wa ile familia ya chokoleti, na humo alisoma Philip Noel-Baker, ambaye sisi watu wa riadha tunapaswa kumjua zaidi. Alichukua medali ya fedha ya mita 1500 katika Olimpiki ya 1920, kisha Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1959, na hakuna binadamu mwingine aliyevipata vyote viwili. Kuna kisa kimoja cha Bootham ninachokipenda kuliko orodha zote za watu mashuhuri. Mwaka 1899 jengo kuu liliteketea, moto ukianzia kwenye chumba cha elimu ya viumbe, ambako mwanafunzi alikuwa akichemsha konokono ili apate makombe yao. Shule ilijengwa upya na mapenzi ya viumbe na nyota yakaendelea. Mtoto anayechimba, anayekusanya, anayeuliza kwa nini mpaka unachoka, nampeleka hapo.

Dada wa Bootham ni The Mount, upande wa pili wa York, ambayo historia yake ni ya shule ya wasichana. Judi Dench alisoma hapo, na mpaka leo ni Rafiki. Kama unatafuta nafasi ambapo msichana hatamezwa na sauti za wavulana, itembelee na uulize wana mpango gani kwa miaka itakayofuata.

Leighton Park iko Reading, kusini, nusu saa kwa treni hadi London na jirani kabisa na Heathrow. Ilianzishwa mwaka 1890, wakati ambapo vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge vilikuwa vimeshafunguliwa kwa watu wasio wa Kanisa la Uingereza, na Marafiki wenye uwezo walitaka pa kuwaandaa wana wao. Alama ya asili hiyo bado unaihisi, kwani ndiyo inayoonekana ya kifahari zaidi kati ya hizi zote, na muziki wake una nguvu. Michael Foot aliyeongoza chama cha Labour alipita hapo, na David Lean mtengeneza filamu pia. Kwa mzazi aliye Nairobi au Ghuba, ukaribu wa Heathrow una maana kubwa, na nitalirudia hilo nikifika kwenye likizo. Kwa mtoto mwenye wasiwasi wa kulinganishwa viatu na wenzake, nenda ukaangalie viatu kwanza.

Sidcot iko Winscombe, kwenye vilima vya Mendip huko Somerset, karibu na uwanja wa ndege wa Bristol. Tangu 1808 imesomesha wavulana na wasichana pamoja. Ina farasi, ina uwazi wa mashamba, na ina kituo cha masomo ya amani na masuala ya dunia kinachochukuliwa kwa uzito. Hiyo inaendana na jambo jingine la shule hizi: Marafiki hawaamini vita, kwa hiyo hutakuta vikosi vya mafunzo ya kijeshi vya wanafunzi ambavyo shule nyingi za bei hii Uingereza zinajivunia. Kama ndoto ya kijana wako ni jeshi, ujue mapema.

Sibford ndiyo iliyonishika zaidi kwa ajili ya yule mvulana. Iko kijijini karibu na Banbury, tangu 1842, na kwa miongo mingi imejulikana kwa kuwasaidia watoto wenye disleksia, wale ambao herufi huwatoroka. Tofauti niliyoitafuta ilikuwa hii: je, msaada ni chumba cha pembeni ambako mtoto anatolewa darasani akionekana na wenzake, au umo ndani ya ufundishaji? Nilimuuliza mwalimu wa historia, si yule wa msaada maalumu, anafanyaje mtoto anaposhindwa kusoma swali la mtihani. Mwalimu wa somo la kawaida akijibu swali hilo kwa mifano, ujue utaratibu upo. Akikuelekeza ofisi nyingine, ujue haupo. Fanya jaribio hilo kwenye shule yoyote, iwe ya Marafiki au siyo. Sibford pia ina bustani na kazi za mikono, na mtoto aliyezoea kuwa wa mwisho darasani anahitaji mahali anapoweza kuwa wa kwanza.

Niseme na iliyofungwa. Shule ya Marafiki ya Saffron Walden ilikuwa na mizizi ya mwaka 1702, ilihama mara kadhaa, ilipita vita vyote, na ikafunga milango mwaka 2017. Umri mkubwa hauilindi shule. Shule hizi ni mashirika ya hisani, na hesabu zao za kila mwaka zimewekwa wazi kwenye daftari la mtandaoni la Tume ya Mashirika ya Hisani ya Uingereza, bure. Soma miaka mitatu mfululizo. Tazama idadi ya wanafunzi inakwenda wapi, na kama matumizi yanapita mapato kila mwaka. Soma pia ripoti za wakaguzi wa shule binafsi. Tangu Septemba 2023 hawatoi tena neno moja la "bora" au "nzuri", wanaeleza kama viwango vimefikiwa au la, kwa hiyo lazima usome ripoti yenyewe na hasa sehemu ya bweni.

Pesa, viza, na mtoto analala kwa nani likizo

Bweni kamili katika shule hizi hupita pauni 30,000 kwa mwaka bila shida, na tangu tarehe 1 Januari 2025 karo ya shule binafsi Uingereza inatozwa kodi ya VAT ya asilimia 20. Unapopewa bei, uliza kama kodi imo ndani. Kisha uliza yasiyoandikwa: masomo ya muziki, nguo za michezo, safari, saa za msaada wa kusoma. Hilo la mwisho linaweza kuwa bili nzima peke yake.

Punguzo la karo lipo na hutolewa kwa kupima kipato. Watakuuliza kila kitu, hata shamba la Mbale na nyumba ya kupangisha Kitengela, andika ukweli. Kama wewe ni Rafiki, uliza kama kuna mfuko wa watoto wa Marafiki, na uende na barua ya uanachama kutoka kwenye mkutano wenu wa nyumbani. Mdogo wangu aliicheka barua hiyo mpaka ofisi ya shule ilipoiomba. Omba mapema, mwaka mzima kabla ikiwezekana.

Kuhusu viza, mtoto wa miaka 4 hadi 17 anayetoka nje anaomba viza ya mwanafunzi mtoto, na lazima shule iwe binafsi na iwe na leseni ya kumdhamini. Zile shule za serikali zenye bweni, ambazo masomo ni bure na unalipia malazi tu, hazimo kwenye viza hiyo. Ila kama mtoto tayari ana haki ya kuishi Uingereza, zitazame kwa makini kabla hujaingia kwenye deni kwa ajili ya jina.

Hapa ndipo sisi watu wa ukoo mpana tunapokwama. Katikati ya muhula mabweni mengi hufungwa, na mtoto lazima awe na pa kwenda. Sheria ya huku inawatambua babu na bibi, kaka na dada, mjomba, shangazi na mzazi wa kambo kuwa jamaa wa karibu. Lakini "mjomba" ambaye ni rafiki wa baba, au binamu wa mama, hatambuliwi. Mtoto wa chini ya miaka 16 akikaa kwake siku 28 au zaidi, halmashauri ya mji lazima ijulishwe, na watakuja kuangalia nyumba. Hakuna ubaya, ila ukilificha linakuwa kosa. Mimi ni shangazi kwa damu, kwa hiyo kwetu lilikuwa jepesi, na lilitufungulia mlango ambao mdogo wangu hakuufikiria: mtoto anaweza kulala kwangu na kusoma kutwa.

Kama huna mtu, hesabu umbali. Kutoka Reading mtoto anafika Heathrow haraka. Kutoka York kuna treni ya moja kwa moja mpaka uwanja wa ndege wa Manchester, lakini kama ndege yake ni ya Heathrow, hiyo ni siku nzima ya safari, masanduku na mizigo, mara sita kwa mwaka.

Na kwa baadhi yetu jibu liko nyumbani. Friends School Kamusinga, huko Kimilili, na wasichana wa Lugulu wanatoa elimu nzito kwa sehemu ndogo ya pesa hizi. Hizo ni shule za umma ambazo kanisa ni mfadhili, ibada zake ni zile za nyimbo tulizozizoea, na mtoto anakua akiijua lugha ya bibi yake. Nilimwambia mdogo wangu hivyo kwanza kabla ya kutaja jina lolote la Kiingereza. Alisema msichana amesoma mtaala wa Uingereza tangu chekechea na kumhamisha sasa ni kumvunja. Nilikubali kwa msichana. Kwa mvulana nilibishana naye, na bado naona nilikuwa na hoja, isipokuwa moja: darasa la watoto 50 lingemmeza.

Tulipofikia

Msichana anakwenda Bootham akifika miaka 16, kwa miaka miwili ya mwisho, bweni la wiki, na Ijumaa jioni anapanda treni kuja kwangu. Leighton Park ilikuwa shindano la kweli. Ilishindwa kwa sababu moja tu, kwamba mimi siishi Reading. Angekuwa hana shangazi Yorkshire, ningegeuza uamuzi bila kusita.

Mvulana ndiye aliyetukosesha usingizi. Ackworth ingemweka mezani kwangu kila jioni, na mtoto wa miaka 11 anahitaji mtu wa kumwambia siku yake ilikwendaje kwa lugha anayoiota. Sibford ingemfundisha kusoma. Mama yake alitaka Ackworth, baba yake Sibford, na mimi nilibadilisha mawazo mara tatu. Mwishowe tulifanya ambalo tungefanya tangu mwanzo: tulimpeleka kwa mtaalamu akapimwe. Matokeo yalisema tatizo si dogo, na kwamba miaka miwili ijayo ndiyo ya kulishughulikia. Kwa hiyo ni Sibford, bweni, angalau mpaka afikishe 13, kisha tutamuuliza mwenyewe.

Kabla ya hapo atalala huko siku mbili za majaribio, Ijumaa na Jumamosi. Nimeomba iwe hizo hasa, wala si Jumanne na Jumatano kama walivyopendekeza. Nitampeleka mimi, nitalala hoteli ya Banbury, na simu yangu itakuwa wazi. Ameshaniuliza kama anaweza kubeba raketi yake ya tenisi ya mezani. Nimemwambia abebe mbili.